Nibipu

Kliniki waliniuliza, nikasema sivuti.
Kalamu ya nesi ikakata wino katikati ya neno,
akaitikisa, akaiacha,
akaumalizia uongo wangu kwa wino mwekundu.

Wewe ulikuwa kwenye benchi, Havijawa,
msindikizaji wa wajawazito, na mkoba wako wa plastiki.
Hukuuliza kama navuta.
Uliushika mkono wangu kama anayetazama hina,
ukavinusa vidole viwili,
ukasema: "Ya kwanza huwa saa ngapi?"

Saa kumi na moja alfajiri, nikakujibu,
kabla sijanawa uso, nyuma ya choo, hapo Kigogo,
mwenye nyumba alikoegesha mabati yake.
Nanunua mojamoja kwa Mangi,
namwambia ni za mume wangu.
Mume wangu ananuka sabuni tu, maskini;
Mangi anamheshimu kwa moshi asiouvuta.
Naifunga kwenye pindo la khanga, pamoja na nauli.

Nikasubiri mahubiri.
Nilishajiandaa hata kulia.
Ukaniandikia namba nyuma ya kadi:
"Ikikubana, nibipu.
Salio lako litunze. Nitapiga mimi."

Nikabipu. Ukapiga.
Sigara hukuitaja hata siku moja.
Ulisema kitunguu Mabibo kimepanda tena,
ulisema mkweo kanunua kochi lisilopita mlangoni,
limelala nje, kuku kalitagia.
Ukaongea mpaka hamu ikachoka kusimama,
ikaondoka bila kuaga.
"Dakika tano tu," uliniambia baadaye.
"Hamu ni mgeni asiyevua viatu."

Nikatafuna karanga, ukwaju, kucha.
Nikagombana na ndoo.
Nikamfokea mume wangu kwa kupumua.
Siku ya kumi na mbili jirani akakata pilipili hoho,
nikalia pale pale uani,
maana nilikuwa nimesahau kwamba hoho inanukia.

Mwezi wa saba Msimbazi ukafurika.
Maji yakaingia uvunguni,
yakatoka na beseni la nguo za mtoto.
Umeme hakuna, simu imezima.
Nikavuta. Moja, na nusu ya pili.
Mtoto akatulia tumboni,
na ule utulivu wake ukaniuma kuliko kofi.

Ukaja kesho yake, viatu mkononi, tope hadi magotini.
Nikakuonyesha kipisi.
Ulikitazama kama anayesoma barua isiyo yake,
ukakitupa majini.
"Jana imekwenda. Leo umevuta?"
"Bado."
"Usiseme bado. Sema sijavuta."
Nikasema sijavuta.
Tukaanza kufua.

Alizaliwa Jumanne, Mwananyamala.
Wodini hawakukuruhusu; ukakaa getini na chupa ya uji,
nami nikakubipu mara nne katikati ya uchungu,
nesi akiniuliza nampigia nani na hali ni hii.
Kilo mbili na robo tatu.
Alipolia, wodi nzima iligeuka
kama mnada wa mitumba umefunguliwa.

Juzi, saa nane usiku,
simu ililia mara moja, ikakata.
Jina lako.

Nikakaa kitandani, mtoto yuko kwenye titi.
Nikakumbuka pua yako ilivyovitambua vidole vyangu,
na huo mdomo wako wa chini, mweusi kuliko uso,
ambao miezi yote ile
sikuwahi kuuliza habari zake.

Nilikuwa na salio la shilingi mia tatu.
Nikapiga.
Ulipokea, ukapumua tu.

"Haya," nikasema,
"lile kochi, hatimaye liliingia?"